Daftari la maombi limejaa tiki. Sasa nasali nini?

Mama Mwaloni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Swali langu huenda mkaliona la kijinga, ila linaninyima usingizi tangu mbalamwezi iliyopita.

Mimi ni mtu wa dagaa, Mwanza, soko la Kirumba Mwaloni. Nanunua magunia yanayoshushwa kutoka visiwani, nachambua, natenga dagaa walioanikwa kwenye chanja na walioanikwa mchangani, nauza kwa wateja wa mikoani na wengine wa Kongo. Kwa asiyeijua kazi hii: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, na sisi sokoni tunakaa siku kadhaa tukipiga soga na kufukuza inzi. Siku hizo ndizo nilizokuwa nazimalizia kwenye mikesha.

Miaka mitatu iliyopita nilianguka. Mvua ilinyeshea mzigo wangu ukiwa umeanikwa kisiwani, dagaa wakabadilika rangi, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nikakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili nirejeshe hela ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, halafu nikakopa kausha damu nyingine kulipa ile ya kwanza. Mnawajua hao watu. Anakuja saa kumi na mbili asubuhi, anakaa kwenye kiti cha wageni, anakunywa na chai yako, haondoki. Basi nikahamia kanisa moja, jina silitaji, ambako kila wiki kulikuwa na ibada ya kufungua milango. Mtumishi akatuambia kila mtu aandike mahitaji yake, ayataje mbele za Mungu moja moja mpaka yajibiwe. Nikanunua daftari la kaunta. Namba 1, deni. Namba 2, ada ya mtoto. Namba 3, bati. Namba 4, mguu wa mama. Yakafika 31. La mwisho lilikuwa mzani wangu mwenyewe, maana nilichoka kuazima kwa mtu anayeupima moyo wako kabla hajakupa.

Sitadanganya mtu hapa: yamejibiwa. Deni peke yake lilikula miezi 14, lakini liliisha. Mzani nimeupigia tiki mwezi wa tatu mwaka huu.

Mbalamwezi iliyofuata nikaamka saa tisa usiku kama kawaida, nikapiga magoti, daftari mbele yangu. Tiki tupu. Nikasema, "Baba," nikakwama. Nilikwama kama mtu aliyempigia simu bosi wake, simu ikapokelewa, akasahau alichotaka. Kimya. Baada ya dakika kama tano nikajikuta nahesabu magunia kichwani. Nikajifunika shuka nikalala.

Asubuhi nikafungua Yohana 6. Wale watu waliokula mikate jana yake wanapanda mashua, wanavuka ziwa kumtafuta Yesu mpaka Kapernaumu, naye hawapokei kwa pambio. Anawaambia wazi: mnanitafuta kwa sababu mlikula mkashiba. Nikaifunga Biblia. Aliyekuwa kwenye mashua ile ni mimi.

Kwa hiyo nauliza. Mahitaji yakiisha, mtu anasali nini? Na hicho chakula cha roho tunachoambiwa tukitafute kwanza, kinaliwaje? Tafadhali msiniandikie "zama zaidi" wala "utafute uso wake". Hayo nimeyasikia hadi yamekuwa kama mlio wa feni. Niambieni mnafanya nini, saa ngapi, mmekaa wapi.

Kijana wa Buguruni

Shikamoo mama. Kwanza hongera kwa kumaliza deni.

Nikuambie ukweli bila kukukosea heshima: hili ni swali la mtu aliyeshiba. Mimi nauza maji kwenye foleni hapa Dar, na daftari langu lina namba bila tiki hata moja. Nimeshachoka na mahubiri ya "tafuteni ya rohoni kwanza", kwa sababu kila ninapoyasikia anayehubiri ameegesha gari nje. Yakobo aliandika habari ya mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", halafu hampi kitu. Na hiyo Yohana 6 isome tangu mwanzo. Alianza kwa kuwalisha, watu 5,000 wanaume peke yao. Habari ya mkate wa uzima ilikuja kesho yake, wakiwa na nguvu za kusikiliza.

Usijilaumu kwa kuomba mzani mama. Mzani ni kazi.

Mama Mwaloni

Marahaba mwanangu. Umesema kweli na sijakasirika. Ile namba 1 niliiomba nikiwa na njaa, na ningeiomba tena. Kinachoniuma ni kwamba mzani umefika nyumbani, na aliyeuleta simfahamu. Miaka mitatu naongea naye kila usiku, na sijui hata akinyamaza anakuwaje.

Mtumishi Moto

Mama hiyo ni roho ya uvivu imeingia kwenye madhabahu yako! Mahitaji hayawezi kuisha kwa mwana wa Mfalme. Nunua daftari la pili. Andika gari. Andika nyumba ya ghorofa. Andika boti yako mwenyewe na injini. Mungu anapenda imani kubwa, panda mbegu ya sadaka inayolingana na kiwango unachokwenda!

Mama Mwaloni

Boti nilishaipigia hesabu mtumishi, haina faida kama una mtaji wangu. Asante.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzee wa Ukerewe, inawezekana mama umeshauza dagaa walioanikwa nyuma ya nyumba yangu.

Nianze na jambo dogo litakalokufurahisha. Wale samaki wawili wa yule mtoto, Yohana hatumii neno la kawaida la samaki. Kwa Kigiriki anasema opsaria, visamaki vidogo vya kulia mkate, yaani kitoweo. Padre aliyetufundisha zamani alisema sisi watu wa ziwa tungetafsiri tu "dagaa wawili" na kila mtu angeelewa. Na ile mikate ilikuwa ya shayiri, mikate ya watu wasio na kitu. Kwa hiyo usifikiri Mungu anakionea kinyaa chakula cha mwili. Aliwalisha watu kwa mzigo unaouza wewe.

Sasa kwenye swali lako. Soma Zaburi ya 131. Ina mistari mitatu tu, utaimaliza kabla chai haijapoa. Mwenye zaburi anasema ameituliza nafsi yake ikawa kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Nimeifundisha miaka mingi bila kuielewa, mpaka mke wangu alipomwachisha kitinda mimba wetu. Wewe ni mama, unajua kuliko mimi. Mtoto anayenyonya akipakatwa hatulii, anatafuta ziwa, anavuta nguo. Ukimwachisha analia wiki nzima usiku, unadhani atakuchukia. Halafu siku moja anakuja mwenyewe, anapanda mapajani, anaegemeza kichwa palepale alipokuwa ananyonya, wala hatafuti kitu. Amemfuata mama.

Nadhani mama, wewe uko kwenye ile wiki ya kulia.

Uliuliza saa ngapi na wapi. Mimi ni saa 11 alfajiri, kigoda chini ya mchungwa. Nasoma zaburi moja kwa sauti, mara tatu, taratibu. Kisha nanyamaza mpaka nisikie pikipiki ya kwanza ikipita barabarani. Basi. Siku nyingi sipati chochote. Mke wangu anasema nasinzia, na mara nyingine anasema kweli. Lakini niliacha wiki mbili nilipougua, na nyumba nzima ikajua nimeacha kabla mimi mwenyewe sijajua, kwa jinsi nilivyokuwa nawafokea.

Nyakio wa Riyadh

Bwana asifiwe mama. Mimi ni Mkenya, nimetoka Nakuru, huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi za nyumba huku Saudia. Nilikuja kwa sababu ya mahitaji, sina haya kusema. Karo ya watoto wawili na shamba la mamangu lililokuwa kwa rehani. Riyal 1,000 kwa mwezi, na kila shilingi ina jina kabla haijafika.

Huku hakuna jengo la kanisa hata moja, nchi nzima. Na mimi nyumbani nilikuwa mwanakwaya! Sauti ya pili. Chakula cha roho kilikuwa kinaandaliwa mezani na bado nachagua: leo mahubiri ni marefu, leo kwaya ya vijana imeharibu wimbo, leo nimekaa nyuma nitoke mapema niwahi soko. Mwezi wa tano huku nilikuwa naosha vyombo, saa saba usiku, wageni wamekwenda, nikaanza kulia juu ya sinki. Kazi nilikuwa nimeizoea. Nililia kwa sababu nilikumbuka harufu ya mabenchi ya kanisa letu mvua ikinyesha. Pesa nilikuwa nimetuma siku hiyo hiyo, mamangu alikuwa amepiga simu akishukuru. Ndipo nikajua kuna njaa nyingine, na hiyo haitumiwi kwa simu.

Ninachofanya: Ijumaa naandika mstari mmoja kwa karatasi, naikunja, naiweka mfuko wa aproni. Mmoja tu kwa wiki nzima. Nikipiga pasi nausema. Nikikatakata vitunguu nausema. Kufika Jumatano umeacha kuwa maneno ya Biblia, umekuwa kama kitu mtu aliniambia mimi. Wiki hii ni ule wa Zaburi 63, nchi kame na uchovu, isiyo na maji. Ukichungulia dirisha langu utaelewa kwa nini. Na usiku naimba sauti ya pili nikiwa nimefunga mdomo. Ile ya kwanza nawaachia nyinyi huko, si saa zetu na zenu ni moja.

Mama Mwaloni

Milele amina mzee wangu. Na Nyakio dada, nimekusoma mara mbili nikiwa kwenye daladala, konda akanipitisha kituo.

Narudi kutoa taarifa. Nimekaa siku nne. Sina mchungwa, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, juu ya gunia tupu, kanga mabegani, saa 11. Siku ya kwanza Zaburi 131 mara tatu, halafu magunia yakaja, nikayahesabu yote. Siku ya pili nikahesabu magunia na madeni ya watu wanaonidai fadhila. Siku ya tatu jirani akadhani nimefiwa, akaja kukaa nami kunifariji. Jana nilinyamaza, sijui muda gani, nikasikia tu miguu imepata ganzi na jogoo wameshanyamaza. Sikuona maono. Nilimkumbuka mwanangu wa pili nilipomwachisha, jinsi alivyokuwa akinishika sikio badala ya ziwa.

Lile daftari sijalitupa, lina kurasa nyingi nyuma. Nimekaa nalo hapa.

Wewe wa Buguruni, namba 1 yako ni ipi? Nijibu mapema, mwezi umeanza kupungua, keshokutwa mzigo unashuka na sitakuwa na muda wa kushika simu.