Tumbo lilikuuma wapi, na ikaja kuwa nini? Tupeane uzoefu

Shungi: Jana kijana wa jirani kakimbizwa hospitali usiku, nkakumbuka yangu. Lilianzia kitovuni nkasema ni mbaazi za asubuhi, mama akanipa mvuje, kufika alasiri yashateremka chini kulia juu ya nyonga, hata kukohoa siwezi. Kidole tumbo. Haya semeni nanyi.

Wa Kongowea: Yangu vivyo hivyo, kitovu kisha kulia.

Baba Wawili: Mvuje si wa watoto wachanga? Mamako angekumaliza 😂

Shungi: Mamangu muache.

Bi Mtongwe: Mie lilikuwa chini kushoto, kama kisu kinazungushwa. Siku zangu zishapita wiki mbili lakini nshazoea, hazinaga ratiba. Nkameza vidonge viwili vya maumivu nkaenda zangu kazini. Ndani ya feri bega likaanza kuuma. Bega jamani, na mie naumwa tumbo! Nimeshika reli, jasho jembamba, buibui limenigandia mgongoni, mama mmoja na ndoo yake ya samaki aniuliza mwanangu mbona midomo imekuwa myeupe, nataka kumjibu ndiyo sijui tena. Naambiwa nlipakiwa tuktuk. Kumbe mimba ilitunga kwenye mrija, mrija ukapasuka, damu imejaa tumboni, daktari asema ndiyo ilofanya bega liume. Niliongezwa damu chupa tatu. Nimebaki na mrija mmoja, na kitindamimba wangu nimempata kwa huo huo.

Shungi: Subhanallah.

Wa Kongowea: Na feri ikasimama?

Bi Mtongwe: Feri yasimama wapi ndugu yangu, kwani ni matatu?

Chumvi Nyingi: Mie ni hapa kwenye chembe cha moyo, pachoma nikiwa na njaa, nikila patulia.

Baba Wawili: Vidonda hivyo. Kunywa maziwa.

Mkaa Tudor: Maziwa yatuliza saa moja kisha asidi yazidi, usimdanganye mwenzio. Kapime wale bakteria waletao vidonda, mie nlipewa antibiotiki wiki mbili yakaisha. Na kama wameza dawa za mgongo kila siku, hizo nazo zatoboa.

Shungi: Wazee lakini msikimbilie kusema vidonda. Babu yangu alishika hapo hapo, jasho latiririka, tukamnywesha tangawizi mpaka alfajiri. Ilikuwa moyo.

Chumvi Nyingi: Sasa mwanitisha, na viazi karai niko navyo mkononi.

Baba Wawili: Vina ukwaju?

Chumvi Nyingi: Na pilipili.