Naomba ushauri: kuwafundisha wakaguzi wapya kusoma ramani za nyumba

Wakuu, heshima kwenu. Nimekabidhiwa wakaguzi wanne wapya niwafundishe kukagua ramani za nyumba za kuishi kabla ya kibali kutolewa. Kanuni wamezikariri, shida ni kuoanisha michoro. Juzi ramani ya sakafu ilionyesha ngazi yenye vipandio 14, mchoro wa mkato (unaoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima) ukaonyesha mita 3 toka sakafu hadi sakafu. Ukigawanya, kila kipandio kina kimo cha milimita 214, kirefu mno kwa mtoto au mzee. Wote wanne waliipitisha, na kwa kweli iliniuma. Nianze na orodha ya ukaguzi, au niwape ramani zenye makosa ya makusudi wayatafute wenyewe? Na dirisha la kutokea chumbani moto ukizuka, nyie mnalifundishaje?