Nani anakujua muzuri, weye ao batu?

Kijana wa Birere: Bandugu ba Goma, munisaidie. Mi najiona mupole kabisa, lakini nyumbani banasema niko mukali, ku kazi vilevile. Nani iko na haki, mie ao bao?

Yaya wa Himbi: Mudogo, inategemea ni kitu gani. Simine Vazire, mwanasaikolojia (mwenye kusoma tabia za batu), aliandikaga ku 2010 kama mambo ya ndani, sawa woga na mahangaiko, mwenyewe njo anayajua kupita barafiki, lakini kwa akili barafiki banaona muzuri zaidi, juu kila mutu anapenda kujisifu. Na ukali unaonekana inje, sauti yako hauisikie sawa vile batoto banaisikia, mi ningebaamini.

Papa Majengo: Kuko lile dirisha la Johari, ni picha ya vyumba ine ya kuonyesha vile mutu anajijua na vile benzake banamujua, banasaikolojia Luft na Ingham balilitosha ku 1955 kule Marekani: kuko yenye bote munajua, yenye unaficha, yenye benzako banaona weye hauone, na yenye hakuna mutu anajua. Ile ya tatu njo yako. Uliza mutu mwenye hakuogope, akuambie siku gani na maneno gani ulisema.

Kijana wa Birere: Aksanti yaya, aksanti papa. Nitauliza dada yangu mukubwa, ule haniogopake.