Miche yangu ya nyanya ndogo inalala chini na kufa, nakosea wapi?

Babu wa Kireka

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa huko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Tangu ujana nimelima tumbaku, muhogo na simsim. Mwaka huu nimeletwa Kireka, pembeni mwa Kampala, kwa binti yangu ili niwe karibu na matibabu ya miguu. Tunakaa ghorofa ya pili, shamba langu sasa ni veranda. Nimeamua kupanda zile nyanya ndogo za mviringo, maana wajukuu wanazila kama peremende na kapakiti kake dukani hakamalizi siku.

Mbegu nilizikamua kutoka kwenye nyanya za dukani, nikaziosha na kuzisia kwenye trei ya mayai. Udongo nilichota kwenye bustani ya jirani alikovuna ntula, zile nyanya chungu. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya saba zikachomoza, nikahesabu 31, nikafurahi sana. Baada ya siku tano zikawa ndefu, nyembamba, zimepauka, zote zimeinamia nje. Kisha zikaanza kulala. Pale shina linapotoka udongoni limebonyea, jembamba kama uzi, jeusi, na huku majani mawili ya juu bado ni kijani. Leo zimebaki nne. Hii ni mara ya pili. Kitalu cha tumbaku nimekitunza miaka mingi, lakini hizi nyanya zimenishinda. Nisaidieni.

Mama Kitalu, Mbale

Pole sana mzee wangu. Ugonjwa huo mabwana shamba wanauita kinyausi. Ni vimelea vya ukungu vinavyokaa udongoni, na maji ya asubuhi na jioni ndiyo yanavipa nguvu. Mche ukishabonyea shingo hauponi, usijichoshe nao. Anza upya na udongo uliopikwa.

Mimi nafanya hivi: udongo wa juu sehemu mbili, mchanga sehemu moja, naunyunyizia maji kidogo, naweka kwenye sufuria kuukuu lenye mfuniko juu ya sigiri, moto mdogo. Katikati nazika kiazi ulaya kidogo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Unauacha upoe mpaka kesho. Samadi usiipike humo, mbegu haina haja nayo mpaka mche utoe majani ya kweli, yale yanayofuata yale mawili ya kwanza.

Sia kwenye vikombe, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, mbegu zisibanane. Maji usimimine juu. Vikombe vitoboe chini, viweke kwenye beseni lenye maji robo saa, vitoe. Usirudie mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole.

Veranda ya Ntinda

Mzee, Mama Kitalu amesema kweli kuhusu maji, ila huko kurefuka na kuinamia nje ni njaa ya mwanga. Hapa kwetu tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na paa au veranda ya jirani wa juu inalizuia lote. Unaona nje kunawaka ukadhani mimea inapata, kumbe iko kivulini. Mimi nilichukua chaki, kila saa nikachora sakafuni mwisho wa kivuli. Nikagundua pembe moja tu ndiyo inapata jua tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, na sehemu niliyokuwa nimeweka ndoo ilipata nusu saa! Nyanya inataka saa sita za jua, ikizidi ni bora. Kama veranda haifikishi, muombe mwenye nyumba nafasi ya juu ya paa au uani.

Mlima Kidogo, Bombo

Salaam alaykum mzee. Kuhusu mbegu: nyanya nyingi za pakiti ni chotara, kwa hiyo watoto wake huenda wasifanane na mama, wengine wakawa wakubwa au wachachu. Haina ubaya, ila ujue. Na kuziosha tu hakutoshi. Zile mbegu zina utando wa utelezi unaochelewesha kuota. Kamulia kwenye kikombe, ziache na maji yake siku mbili tatu mpaka zitoe harufu na povu, zilizozama ndizo nzima. Suuza, anika kwenye sahani kivulini.

Kuhusu trei sikubaliani. Mimi nasia mbegu tatu moja kwa moja kwenye ndoo, kisha nabakiza mche mmoja wenye afya. Mizizi haisumbuliwi.

Mama Kitalu, Mbale

Ndugu wa Bombo, kwenye ndoo kubwa mche mdogo unazungukwa na udongo mwingi uliolowa, ndiyo kinyausi hicho hicho. Na kuhamisha nyanya kuna faida: ukiuzika mche mpaka karibu na majani ya juu, shina lile lililofukiwa linatoa mizizi mipya.

Bwana Shamba Mstaafu, Lira

Mzee, udongo wa ntula ndio ulionishtua. Ntula, nakati ya mboga ya majani, biringanya, pilipili, kiazi ulaya na hata tumbaku yako ni ukoo mmoja na nyanya, magonjwa yao wanaambukizana. Linalonitisha zaidi ni mnyauko wa bakteria. Mti mkubwa unanyauka ghafla ukiwa bado kijani. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa unashuka. Ukiuona, ng'oa mti, tupa na udongo wake. Dawa yake hakuna. Chukua udongo mahali palipokuwa na mahindi au maharage. Na kama kuna anayevuta sigara hapo nyumbani, anawe kwa sabuni kabla ya kushika miche, virusi vya tumbaku vinahamia kwenye nyanya.

Babu wa Kireka

Nimerudi baada ya wiki saba, na ninawashukuru kwa moyo wote. Kiazi kiliiva, mjukuu akakila na chumvi. Nilisia mbegu 20, zikaota 17, haikulala hata moja. Miche ni minene, mifupi, shina lina rangi ya zambarau kidogo. Nimebakiza sita kwenye jerikeni za lita 20 zilizokatwa juu, nimetoboa chini kwa msumari wa moto, nimeweka udongo wa shamba la mahindi na samadi ya mbuzi iliyooza. Nimezifunga kwenye fito kwa kamba za mgomba. Mwenye nyumba ameniruhusu uani. Sasa maua yametoka, manjano, lakini mengine yanadondoka bila kushika tunda. Nifanye nini?

Veranda ya Ntinda

Hongera mzee! Uani penye kuta upepo ni mdogo na nyuki hawafiki sana. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe, linataka kutikiswa tu. Saa nne asubuhi, umande ukishakauka, piga fito kwa kidole mara tatu nne, kila siku. Na maji yaende kwa kipimo, usiache ikauke kisha uizamishe, hizi ndogo zinapasuka ngozi upesi.

Babu wa Kireka

Nimewapa wajukuu kazi hiyo. Kila mmoja ana jerikeni zake mbili.