Kiwanda kimefungwa kwa sababu ya bidhaa za nje: mliopitia msaada wa TAA hapa Marekani, tupeane uzoefu

Kijana wa Tanga (Ohio)
Salaam ndugu zangu. Kiwanda cha vipuri vya magari nilichofanyia kazi miaka sita kinahamisha kazi Mexico. Wazee wa zamu yangu wanasema kuna msaada wa serikali unaoitwa TAA, mtu analipiwa shule akipoteza kazi namna hii. Nina mke na watoto wawili. Aliyepitia aniambie ilikuwaje.

Mama Mapacha (North Carolina)
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikuwa nashona vitambaa vya makochi karibu na High Point. Tulianza kuona makochi yakiletwa kwenye makontena yakiwa yameshashonwa, sisi tunafunga miguu tu. Mwaka 2017 wakatupunguza.

Mshonaji mwenzetu Mmarekani ndiye aliyejua kwamba wafanyakazi watatu wakisaini ombi inatosha, ruhusa ya bosi haihitajiki, mradi mwaka haujapita tangu mpunguzwe. Tukasaini yeye, mama mmoja wa Vietnam na mimi. Idara ya Kazi kule Washington ikachunguza kama kweli bidhaa za nje ndizo zilizotutoa. Barua ikaja: mmekubaliwa.

Sasa wengi wetu walipotelea hapo. Kukubaliwa kwa kikundi si kulipwa. Kila mtu anakwenda mwenyewe ofisi ya ajira ya jimbo kuomba. Bima ya kukosa kazi kwetu ilikuwa wiki 12 tu. Ili hela za kila wiki za TAA zifuate baada ya hapo, ilibidi uwe umeandikishwa mafunzo ndani ya wiki 26, au upewe msamaha wa maandishi. Kiingereza changu kilikuwa cha kiwandani, nikadhani shule haitanitaka. Kumbe darasa la Kiingereza lenyewe lilihesabika kama mafunzo! Nikasoma hilo, nikaunganisha na uuguzi msaidizi, na ndiyo kazi ninayofanya hadi leo. Na ombeni mkalimani, msione haya. Mimi nilipewa wa Kiswahili kwa simu, bila kulipa senti.

Papa Uvira (Pennsylvania)
Mama amesema kweli. Mimi nilitumika kiwanda cha plastiki. Barua ilifika kwa Kiingereza, nikaiweka pamoja na karatasi za umeme. Binti yangu aliisoma kisha miezi minane. Shule walikubali bado kunilipia, lakini feza ya kila juma hapana, wiki 26 zilikuwa zimepita. Baba wa watoto watano atasoma akikula nini? Nikarudi kubeba maboksi usiku. Ile barua ninayo mpaka leo.

Mzee Omwami (Minnesota)
Mimi sikutaka shule, nilikuwa na miaka 58. Kwa waliofika 50 kulikuwa na njia nyingine: ukipata kazi ya mshahara mdogo kuliko wa zamani, usiozidi dola 50,000 kwa mwaka, unaongezewa nusu ya tofauti. Kiwandani nilikuwa napata dola 22 kwa saa, ghalani 16. Kila mwezi ikawa inaingia kama dola 520. Kikomo kilikuwa miaka miwili au dola 10,000. Mimi nilifikia hizo dola kwenye mwezi wa ishirini. Ndizo zilizonilindia nyumba.

Dada wa Kariakoo (Iowa)
Kaka wa Tanga, inaniuma kuwa mimi ndiye wa kukuambia. Tangu tarehe 1 Julai 2022 vikundi vipya havikubaliwi tena. Mpango ulikuwepo tangu 1962, muda wake ukaisha na Bunge halikuuongeza. Waliokubaliwa kabla ya hapo waliendelea kuhudumiwa. Kontena hazikusimama siku hiyo, na viwanda havikuacha kufungwa. Kwangu mimi huku ni kuwatupa watu.

Usikae nyumbani lakini. Omba bima ya kukosa kazi wiki ileile kazi inapoisha. Kisha nenda kituo cha ajira, vile vinavyoitwa American Job Center, uulizie fedha za mafunzo za WIOA, yaani sheria ya serikali kuu ya mafunzo ya kazi, kwa waliopunguzwa kazi. Ni kidogo kuliko TAA na hazikupi hela ya kila wiki, ila dereva wa lori au fundi wa kuchomelea ameweza kulipiwa cheti.

Na nikuulize: mko wangapi hapo, na karatasi ya taarifa mlipewa lini? Mwajiri mwenye watu 100 au zaidi anayefunga kiwanda anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Vighairi vipo, lakini asipokuwa nacho, anaweza kudaiwa mshahara wa siku zilizopungua.

Kijana wa Tanga (Ohio)
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Tuko 140. Karatasi tulipewa tarehe 3 mwezi huu, kazi inaisha tarehe 30.

Dada wa Kariakoo (Iowa)
Piga picha hiyo karatasi leo, pande zote mbili, bahasha pia. Kesho tafuta ofisi ya msaada wa kisheria ya bure. Usisaini chochote mwajiri anachokuletea kabla wanasheria hao hawajakisoma.