Sahani ya santuri imefika vipande vitatu. Ya pili nimwambie muuzaji aifunge vipi?

Mwalimu wa Mikindani

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Nakusanya sahani za taarab za zamani, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Bibi yangu aliniachia gramafoni ya kutia ufunguo na mpaka leo inalia vizuri, ila sahani zake zilipotea tulipohama nyumba. Mwezi uliopita nikaona mtu wa Dar ametangaza mtandaoni sahani mbili zenye lebo ya mbwa anayesikiliza pembe. Moja niliijua palepale, bibi alikuwa akiiimba huku anakuna nazi. Hiyo nikailipia 85,000, na nauli ya mzigo juu yake.

Jumamosi nikaenda kuipokea stendi ya Mkanaledi. Konda akaitoa kwenye buti, chini ya gunia la vitunguu. Ilifungwa hivi: kurasa mbili za gazeti, kipande cha kiroba, halafu boksi la biskuti lililochanwa upande mmoja, na selotepu imezungushwa juu yake kama bandeji. Nilipoipokea tu nikasikia vipande vinagongana. Vitatu, na unga mweusi chini. Nilikaa pale kwenye benchi muda mrefu, nikashindwa hata kupanda bajaji.

Muuzaji ananijibu kwa adabu, sitamsema vibaya. Lakini jibu lake ni moja: "Imevunjikia njiani mwalimu, barabara ya kusini unaijua." Naijua. Na yeye anaijua, sasa mbona amefunga kama vile sahani inavuka mtaa tu?

Ya pili bado iko kwake na nimeshalipia nusu. Aifunge vipi ifike nzima? Na hivi vipande, kuna gundi yoyote ya kuviunga?

Fundi Redio Lindi

Pole sana mwalimu. Nianze na vipande: gundi usitie. Inaingia kwenye mifereji, ile mistari myembamba iliyobeba sauti, na sindano ikifika pale inaruka au inachimba. Kila kipande kipe bahasha yake, kilale bapa, kingo zisisuguane. Usitupe hata kidogo. Marekani, kwenye Maktaba ya Bunge lao, wana mtambo unaopiga picha mifereji, kisha kompyuta inageuza ile picha kuwa sauti, na hata sahani iliyovunjika inaweza kusomeka. Sisemi utaipeleka kesho. Nasema ile sauti bado imo humo ndani.

Jingine, nakuomba sana: usifute kwa spiriti. Hizi si plastiki, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti inaiyeyusha. Nimeona mtu akifuta sahani ya babu yake hivyo, mifereji ikabaki kama imepakwa lami.

Nadhani muuzaji wako amezoea zile LP za plastiki za miaka ya 70. Zile zikipata joto zinapinda, lakini zikianguka, mara nyingi zinapona. Hii ya kwako inapasuka kama kigae. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kwa hiyo sahani za enzi zile zinakaribia miaka 100. Anayezishika lazima aambiwe hivyo.

Mchonga Mpingo

Mwalimu, mimi sina sahani, natuma vinyago kutoka Masasi. Nimeshavunjiwa vya kutosha mpaka nikajifunza. Mzigo hauumizwi na kugongwa tu, unaumizwa zaidi na kucheza ndani ya boksi. Ukilitikisa ukasikia kitu kinatembea, fungua uanze upya.

Sahani yako ina upana wa sentimita 25, sivyo? Mwambie akate plaiwudi mbili za sentimita 32 kila upande. Sahani ikae katikati, ndani ya karatasi laini, juu na chini yake iwekwe boksi gumu, kisha plaiwudi. Afunge kwa kamba asikaze sana, maana ukikaza nao ni mgandamizo. Hapo pembe ikigongwa, inaumia mbao. Kisha hiyo yote iingie kwenye boksi kubwa zaidi, nafasi ya vidole vitatu kila upande, ijazwe mabaki ya sponji. Kwa mafundi sofa yanapatikana kwa bei ndogo sana. Mimi hujaza maranda, ila kwako vumbi lake litaingia kwenye mifereji.

Vya Kale Kariakoo

Si mimi niliyekuuzia dada, ila niseme upande wetu. Mteja anabembeleza bei mpaka hela ya boksi inaisha. Siku hizi naandika gharama ya kufunga peke yake, na kabla sijafunga namtumia picha. Asiyetaka kulipia simtumii, aje achukue mwenyewe.

Halafu juu ya boksi asiandike santuri. Konda atajuaje santuri? Aandike KIOO, herufi kubwa, pande zote. Na amwombe konda aiweke juu, karibu naye, hata kama ni kwa kumwongeza elfu mbili. Kwenye buti hapana.

Mwalimu wa Mikindani

Nawashukuru kweli. Vipande nimeshaviweka kwenye bahasha tatu, nikaandika namba.

Kaka wa Kariakoo, hoja yako naikubali, ila mimi sikubembeleza hata shilingi. Angeniambia ongeza 10,000 ya kufunga, ningeongeza siku ileile. Hakuniuliza. Kwangu, anayetuma ndiye anayeijua sahani ikiwa nzima, na kuifunga ni kazi yake kama ilivyo kuipiga picha ya tangazo.

Leo baada ya vipindi nimekwenda kwa fundi makabati, amenikatia plaiwudi mbili za 32 kwa 32 na kunigongea kasha la kuzimeza. Sponji nimeikata mwenyewe. Nimemweleza muuzaji na amekubali. Kasha linapanda basi kesho alfajiri kwenda Dar likiwa tupu, limeandikwa KIOO pande zote sita. Yeye kazi yake ni kulaza sahani katikati, kufunga, na kulirudisha.

Fundi Redio Lindi

Likirudi, mwalimu, usilifungulie stendi. Lipeleke nyumbani kwanza.