Nimepanga Kisauni, Mombasa, nataka kuanza redio ya amateur. Nianzie wapi na elfu 25?

Fundi Simu Kisauni:
Salaam wakuu. Kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hivyo kuchomea waya na kusoma saketi hakunipi shida. Nimevutiwa na hawa wanaozungumza na nchi za mbali kwa redio tupu, bila intaneti wala bando. Naishi ghorofa ya tatu. Paa ni la zege, limejaa matangi na kamba za nguo za wapangaji wote. Mwenye nyumba si mkali, ila ni mtu wa maswali. Rafiki yangu aniambia ninunue Baofeng mbili, zile redio ndogo za mkononi, moja yake moja yangu, tuanze leo leo. Leseni ni lazima kweli? Na antena gani itakaa hapo juu?

Mzee wa Tudor:
Mwanangu, leseni ni lazima. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, ya 1998, yakataza kurusha mawimbi bila kibali, na kibali chatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, hii CA. Ukikipata utapewa na jina lako la hewani, linaloanza na 5Z4. Jirani zetu Watanzania wao ni 5H, kwa hivyo ukisikia tu herufi za mwanzo wajua mtu yuko nchi gani. Zungumza pia na ARSK, chama cha redio amateur cha Kenya, wakueleze utaratibu ulivyo sasa. Na kabla ya kuagiza redio yoyote kutoka nje, waulize CA kama chombo chenyewe chahitaji idhini. Usingoje kuulizwa wewe forodhani.

Kuhusu Baofeng: si mbaya, lakini kile kijidude chaweza kurusha hata 156.8 MHz, ambayo ni chaneli 16 ya meli. Sisi tuna bandari ya Kilindini hapa. Nahodha akiomba msaada kisha asikie wawili wanapigiana soga ya mpira, hilo si la mchezo. Hata ukiwa na leseni ya amateur huko si kwako. Yako ni 144 hadi 146.

Kusi Kavu:
Naunga mkono. Tena hizo Baofeng mbili za nini? Utaongea na rafiki yako yule yule ambaye tayari mko naye WhatsApp. VHF, masafa ya hizo Baofeng, yataka mnara wa kurudisha mawimbi au antena zionane, na majumba ya Kisauni yatakuziba. Ukitaka dunia, nenda HF, yaani masafa mafupi yanayodundishwa na anga.

Kwa paa lako ningechukua bendi ya mita 10, karibu 28 MHz. Jua likichangamka huisaidia, nalo lilifika kileleni mwa mzunguko wake karibu 2024, na mchana bendi hiyo bado yafunguka vizuri. Urefu wa dipole, antena ya waya mbili inayolishwa katikati, kwa mita ni 142.5 gawanya kwa MHz. Kwa 28.4 wapata mita 5 jumla, yaani mita mbili na nusu kila upande. Hiyo ni fupi kuliko kamba ya nguo! Ya bendi ya mita 40 ingekutaka mita 20, na hapo utagombana na mama wa watu na shuka zake.

Na usipoteze pesa kwenye kebo. Ile ya dishi, RG-6, ni ya omu 75, na dipole iliyo juu vizuri nayo iko karibu hapo hapo. Kwa nguvu ndogo yatosha. Ubaya wake ni kwamba wavu wa nje ni alumini, haushiki risasi ya kuchomea, kwa hivyo tumia viunganishi vya kubana.

Redio: tafuta ndogo ya wati 5 ya kuunganisha na kompyuta, utumie FT8. Ni mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kidijitali, uliotoka 2017. Kila zamu ni sekunde 15, na yasoma mawimbi ambayo sikio halisikii kabisa. Ila saa ya kompyuta iwe sahihi, ama hupati kitu.

Bi Antena Likoni:
Wote mmesahau chumvi. Hapa pwani shaba tupu hugeuka kijani upesi na maji huingia kwenye kebo yakatambaa ndani. Tumia waya wenye ngozi, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na kila kiungio ukizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Mie hukagua viungio kusi ikianza, kwa sababu ndipo upepo unapotikisa kila kitu. Masika yakija na radi, chomoa kebo uitoe nje ya dirisha. Usijitie ushujaa.

Jambo jingine ni kelele. Kabla hujanunua chochote, chukua redio ya betri yenye masafa mafupi, zima swichi kuu ya stima chumbani, usikilize tofauti. Chaja za bei rahisi na balbu za LED ndizo adui wakubwa. Na huenda adui akawa ni jirani, hapo ni hekima yako.

Fundi Simu Kisauni:
Shukrani sana. Basi Baofeng naziacha. Nikisubiri leseni nifanye nini? Nasikia na habari za UTC, hiyo saa moja ya dunia nzima, zanichanganya.

Kusi Kavu:
Sikiliza. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ya bure mtandaoni tangu 2008. Utajifunza namna watu wanavyoitana, ingawa utasikia anga ya Ulaya, si ya Mombasa.

UTC kwetu ni rahisi kuliko kwa Mzungu: mchana chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu. Saa tatu asubuhi ni 0600, saa tisa mchana ni 1200.

Bi Antena Likoni:
Kama una dishi kuukuu, lielekeze pia QO-100, setilaiti yenye chombo cha redio amateur, iliyoko nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka Mombasa iko nyuzi kama 73 juu ya upeo, upande wa magharibi, kwa hivyo majumba ya Kisauni hayatakuziba. LNB ya kawaida, yaani kile kichwa cha dishi, na kidude cha USB cha SDR, redio inayoendeshwa na kompyuta, vyatosha kuisikiliza kwenye 10.489 GHz. LNB ikipata joto la mchana masafa yatahama kidogo, usidhani imeharibika.